Rangi ya lipu ya nje ichaguliwe ukutani, si mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nitoe maoni kuhusu makala mliyoichapa hivi karibuni kwenye ukurasa wa ujenzi na makazi, iliyowashauri wanaojenga namna ya kuchagua rangi ya lipu ya nje. Makala ilisomeka vizuri na picha zake zilivutia, lakini hoja yake yote ilisimama juu ya ladha: kwamba mwenye nyumba achukue kadi ya rangi, aketi na watu wake, wachague inayowapendeza, kisha fundi apewe namba. Kazi yangu ni lipu na rangi za kuta za nje, na wengi wanaoniita ni watu waliokwisha kufuata ushauri wa namna hiyo na sasa wanauliza kwa nini nyumba yao haifanani na kadi. Ninavyoona mimi, ladha inapaswa kuulizwa mwisho. Kabla yake kuna jua, kuna maji, kuna aina ya lipu, na kuna vitu ambavyo mwenye nyumba hana mpango wa kuvibadilisha. Vyote hivyo vikishasema neno lake, rangi zinazobaki huwa chache, na hapo mtu anaweza kuchagua anayoipenda bila wasiwasi.

Nianze na kadi yenyewe. Kipande cha rangi kwenye kadi ni kidogo kuliko kiganja, kimechapwa kwenye karatasi laini na kimezungukwa na weupe wa karatasi hiyo, ilhali ukuta una eneo kubwa, una chembechembe, na umezungukwa na anga, miti, paa na ardhi. Rangi ileile ikitandazwa juu ya eneo kubwa, jicho huiona nyepesi zaidi na kali zaidi kuliko lilivyoiona kwenye kipande. Mwangaza wa nje huzidisha hali hiyo: mchana wa jua kali hufika luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwangaza), wakati chumba chenye taa nzuri mara nyingi hakifiki hata 1,000. Ndiyo maana krimu iliyoonekana tulivu mezani hugeuka manjano ya kupiga kelele ukutani, na kijivu kilichodhaniwa kuwa kijivu kitupu huanza kutoa ubuluu au uzambarau uliokuwa umejificha ndani yake. Anayependa rangi fulani kwenye kadi ni heri aangalie iliyo hatua moja au mbili upande wa kufifia, yenye ukali uliopungua na iliyo nzito kidogo zaidi, maana ukutani ndiyo itakayokaribia ile aliyokuwa nayo kichwani.

Suala la rangi kuathiriwa na jirani yake si dhana ya mafundi tu. Mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alitakiwa kuchunguza malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho hazikuwa nyeusi za kutosha. Aligundua kuwa dawa ya kutilia rangi haikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando ya ule weusi. Mwaka 1839 alitoa maelezo yake kamili, kwamba rangi mbili zikikaa ubavuni kila moja huonekana kusogea mbali na mwenzake. Ukutani kanuni hiyo hufanya kazi kila siku: kijivu kikiwekwa chini ya paa jekundu huonekana kuelekea kwenye kijani, na kijivu hichohicho kando ya bustani iliyostawi sana huonekana kuwa na wekundu kidogo. Mwenye nyumba hulaumu duka, duka humlaumu fundi, na kopo la rangi halina kosa lolote.

Picha za simu nazo zina mipaka yake, na hili makala yenu haikuligusa kabisa. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, ukuta hurudisha tu mwanga ulioangukia juu yake, na kamera hurekebisha weupe wa picha bila kumwuliza mpigaji. Zile programu za kubandika rangi juu ya picha ya nyumba zinafaa kwa swali moja, yaani kama ukuta uwe wa rangi nyepesi au nzito ukilinganishwa na paa. Anayezitumia kutofautisha krimu mbili anajisumbua bure.

Jaribio la kuaminika linahitaji ubao. Uwe na upana na urefu usiopungua mita moja, upakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, na kisha lipu ileile itakayotumika, kwa ukubwa uleule wa chembe, na umaliziwe kwa kifaa kilekile atakachotumia fundi ukutani. Mambo haya mawili ya mwisho hupuuzwa sana. Lipu yenye chembe za milimita 3 hutupa vivuli vidogo vingi kuliko yenye chembe za milimita 1.5, kwa hiyo rangi moja kwenye lipu ya kukwaruza huonekana nzito kuliko kwenye lipu laini, na jua la pembeni likiipiga tofauti hiyo huongezeka. Kupaka jaribio moja kwa moja juu ya ukuta wa zamani hakusaidii, kwa kuwa rangi ya zamani iliyolizunguka italivuta jicho. Kama hakuna budi, basi pembeni mwa jaribio pawekwe mkanda mpana mweupe ili walau pawe na mpaka.

Ubao huo ubebwe na kuzungushwa. Usimamishwe kwenye ukuta unaopigwa na jua, kisha kwenye ukuta wa kivulini, kisha chini ya upenu ambako kivuli cha paa hakiondoki. Mbali na nchi za joto, ukuta wa kusini ndio unaopata jua jingi kwa walio kaskazini mwa ikweta, na wa kaskazini kwa walio kusini mwake; karibu na ikweta ni kuta za mashariki na magharibi zinazobeba mzigo mkubwa, moja asubuhi na nyingine alasiri. Kivulini, siku ya anga safi, mwanga unaoufikia ukuta hutoka kwenye anga lenyewe na una ubuluu, kwa hiyo kijivu baridi huwa baridi zaidi huko, na mara nyingi huko ndiko wenye nyumba wanakopata mshtuko. Jioni jua likielekea kuzama mwanga huwa wa machungwa na kila rangi yenye joto huchangamka kupita kiasi. Likishazama, mambo hugeuka tena: jicho likizoea giza, rangi nyekundu hufifia haraka kuliko buluu, jambo lililoelezwa na mwanasayansi wa Kicheki Jan Purkyně mapema katika karne ya 19, na ndilo linaloufanya ukuta wa rangi ya tofali uonekane karibu mweusi jioni wakati wa buluu iliyopauka bado unang’aa. Mtu anayerudi nyumbani jioni kila siku ya kazi ana haki ya kujua ukuta wake utakuwaje saa hiyo.

Kisha umwagiwe maji. Lipu iliyolowa huwa nzito kwa sababu maji hujaza vitundu vyake na mwanga unaoingia humo hautoki kirahisi; baadhi ya lipu hubadilika kidogo, nyingine hubadilika kiasi cha kuonekana nyumba tofauti, na ukuta usiolowa sawasawa chini ya upenu hubaki na madoa mpaka ukauke. Na anayeuangalia ubao asisimame hatua mbili mbele yake. Asogee mpaka pale mgeni atakapoiona nyumba kwa mara ya kwanza, barabarani au langoni, kwa sababu tofauti ndogondogo zilizowafanya watu wabishane mezani hupotea kabisa kwa mbali, na kasoro moja ambayo hakuna aliyeitaja hujitokeza.

Nyumba nyingi huharibikia kwenye vitu ambavyo havibadilishwi. Mwenye nyumba huchagua rangi ya ukuta kana kwamba ukuta umesimama peke yake, halafu paa, fremu za madirisha, mawe ya msingi na sakafu ya uani vinakuja kumkumbusha kuwa vilikuwepo. Paa ndilo kubwa kuliko vyote na ndilo linalodumu zaidi. Vigae vya udongo vina uchungwa, yaani rangi ya machungwa, ndani yake. Ukuta wa waridi chini yake huleta rangi mbili zinazokaribiana bila kufanana, na hapo hugombana. Ukuta uliochotwa kwenye uchungwa huohuo lakini ukapaushwa sana hukaa vizuri, na ukuta ulio mbali nao kabisa, kwa mfano mweupe uliopoa au kijani kilichofifia kama jani kavu, nao hukaa vizuri. Tabu iko katikati. Mabati ya kijivu yenye ubuluu hayapatani na krimu zenye manjano mengi, ingawa kwenye kadi vitu hivyo viwili vikiwekwa kando kwa kando huonekana kupendezana. Sijui kwa nini watu hubeba vipande vya pazia kwenda navyo dukani kuchagua rangi ya chumba, lakini hakuna anayebeba kipande cha kigae akienda kuchagua rangi ya nyumba nzima.

Fremu za madirisha zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Fremu nyeupe ya plastiki ni nyeupe kwelikweli, haina manjano wala ukijivu, na ukuta mweupe uliopoozwa kidogo ukikaa kando yake huonekana mchafu hata siku fundi alipoteremka jukwaani. Mara kadhaa nimeona watu wakiosha kuta mpya kwa sabuni wakidhani kuna vumbi. Penye fremu za namna hiyo, ama ukuta uwe mweupe uleule, ama utofautiane nazo kiasi cha kila mtu kuona kuwa tofauti hiyo imekusudiwa. Fremu nyeusi au za kijivu cha mkaa huvumilia mengi zaidi, isipokuwa kahawia ya katikati, ambayo kando yake huonekana imechoka.

Sasa nifike kwenye rangi nzito, kwa sababu picha nne kati ya zile kubwa mlizochapa zilikuwa za nyumba za kijivu cha mkaa, na makala haikusema lolote kuhusu ukuta ulio chini ya rangi hiyo. Kila rangi ya lipu ina kipimo cha kiasi cha mwanga inachorudisha, kuanzia 0 kwa weusi mtupu hadi 100 kwa weupe mtupu, na watengenezaji wengi hukiandika kwenye kadi zao kwa maandishi madogo yasiyosomwa na mtu. Kijivu cha mkaa huwa chini ya 15. Mwanga usiorudishwa hugeuka joto ndani ya lipu. Ukuta mweusi ukipigwa na jua kali unaweza kupita nyuzijoto 70 usoni, hasa ukiwa umevishwa tabaka la povu la kuzuia joto, kwa sababu joto hilo haliwezi kupenya kwenda kwenye tofali lililo nyuma. Hubaki kwenye ngozi nyembamba ya milimita chache, nayo hutanuka. Mvua ya ghafla ikinyesha juu yake, ngozi hiyohiyo husinyaa kwa dakika chache. Mchezo huo ukirudiwa msimu baada ya msimu, nyufa nyembamba kama unywele huanza kwenye pembe za madirisha, maji huingia, na baada ya hapo mazungumzo hayahusu tena rangi.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa mifumo ya lipu nyembamba juu ya povu huweka kiwango cha chini cha kipimo hicho, mara nyingi 20 au 25, na anayekwenda chini yake hupoteza dhamana. Zipo pigmenti maalumu, yaani unga unaoipa rangi sura yake, zinazorudisha mionzi isiyoonekana kwa macho, ile inayobeba karibu nusu ya nguvu ya jua, na rangi nzito iliyotengenezwa kwa pigmenti hizo hupata joto dogo kuliko ya kawaida ingawa jicho halioni tofauti. Ni teknolojia ya kweli na mimi siipingi, ila huongeza gharama, na inataka fundi na mwuzaji wote wawili wawe na maandishi ya mtengenezaji mkononi, si ahadi ya mdomo. Juu ya ukuta mnene wa tofali au mawe, wenye lipu nene, hatari ni ndogo zaidi, maana joto hupata pa kwenda. Hata hivyo huko pa kwenda ni chumbani, na mwenye nyumba wa nchi ya joto aamue mwenyewe kama analitaka.

Rangi nzito ina udhaifu mwingine unaoonekana mapema zaidi. Lipu yoyote ya saruji ina chokaa huru ndani yake, na unyevu unapotoka kuelekea nje hubeba chokaa hiyo mpaka usoni, ambako hukutana na hewa ya ukaa na kuwa utando mweupe mgumu. Utando huo uko hata kwenye ukuta wa krimu, ila hauonekani. Kwenye kijivu kizito au nyekundu ya tofali huonekana kama maziwa yaliyomwagika, na lipu iliyopigwa wakati wa baridi na unyevu, ikakawia kukauka, ndiyo inayoathirika zaidi. Kama rangi itapakwa juu ya lipu ya saruji badala ya kuchanganywa ndani yake, ukuta upewe muda; siku 28 ndiyo desturi ya kazi, kwa sababu lipu changa ina ukali wa chokaa wa pH 12 hadi 13 unaoweza kuharibu gundi ya rangi na kuzichoma baadhi ya pigmenti. Mwenye haraka atapata mabaka ambayo hakuna tabaka la pili litakaloyaficha moja kwa moja.

Hapo naingia kwenye pigmenti, na nitakuwa mfupi kuliko mada yenyewe inavyostahili. Rangi zinazotokana na oksidi za chuma, yaani nyekundu za udongo, manjano ya kahawia, kahawia na nyeusi, hustahimili jua na ukali wa chokaa kwa miongo. Ni madini yaleyale yanayoipa ardhi rangi yake. Kijani cha oksidi ya kromi ni imara vilevile, na buluu ya kobalti pia, ingawa ni ghali. Nyekundu kali za kung’aa, manjano ya limau na urujuani mara nyingi hutegemea pigmenti za kaboni zinazotengenezwa kwa kemia, si za madini, na nyingi kati ya hizo hupauka juani, tena hazipauki sawasawa: ukuta unaopigwa na jua huondoka na rangi yake wakati ule wa kivulini bado mpya, na kona ya nyumba hubaki ikionyesha mpaka kati ya hizo mbili. Muulize mwuzaji swali moja tu, kama rangi hiyo imetengenezwa kwa pigmenti za madini au la. Asiyejua jibu aombwe karatasi ya bidhaa.

Gundi inayoshika pigmenti nayo hubadilisha sura ya rangi, na hili wengi hawalitegemei. Rangi ya akriliki huwa na utando na mng’ao kidogo. Ya silikoni hufukuza maji na huacha ukuta upumue zaidi. Ya silikati, iliyosajiliwa na Adolf Wilhelm Keim kule Bavaria, Ujerumani, mwaka 1878, huungana kikemia na lipu ya madini na kubaki na ukavu fulani wa jiwe ambao binafsi sijaona kingine kinachoukaribia. Namba moja ya kadi ikichanganywa katika gundi hizo tatu hutoa kuta tatu tofauti. Chokaa ya kupaka ina uzuri wake, hubadilikabadilika kama wingu, lakini anayetaka ukuta ulio sawa pande zote asiiguse.

Uchafu nao ni sehemu ya uchaguzi wa rangi, kwa sababu ukuta utakaoishi nao si ule wa siku ya kwanza. Maji ya mvua yana njia zake. Hushuka chini ya kingo za madirisha zisizo na mtaro wa kuyadondoshea mbali na ukuta, hushuka kwenye ncha za upenu na chini ya mabomba yanayovuja, na kila yanapopita huacha michirizi. Chini karibu na ardhi, matone huruka na udongo kufika kimo cha sentimita 30 hivi. Weupe mtupu huonyesha yote haya ndani ya msimu mmoja, na weusi huonyesha vumbi, chokaa na kinyesi cha ndege. Rangi za katikati, zenye udongo au ukijivu ndani yake, ndizo zinazosamehe. Kama mtu ameshikilia weupe, na weupe una sababu nzuri ya kushikiliwa kwenye jua kali, basi achore mkanda wa rangi nzito kwenye sehemu ya chini ya ukuta, na achague rangi ya mkanda huo kwa kuangalia udongo uliopo pale nje, si kwa kuangalia kadi. Upande usioona jua utaota kuvu na mwani mapema kuliko mingine, na lipu ya kukwaruza huwahifadhi vizuri zaidi. Hapo dawa ni upenu mpana na lipu laini kabla ya kuwa rangi, na sijaona rangi inayoponya ukuta unaolowa kila usiku.

Kuna uamuzi mwingine ambao ungetakiwa kufanywa kabla ya ule wa rangi, yaani kama rangi itachanganywa ndani ya lipu au itapakwa juu. Lipu iliyochanganywa rangi haichubuki kwa sababu rangi imeenda mpaka ndani, na haihitaji kupakwa tena kwa miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba haikarabatiki bila kuonekana. Bomba jipya likipitishwa ukutani miaka mitano baadaye, kiraka kitakuwa cha rangi ileile ya kwenye kopo, lakini ukuta wenyewe utakuwa umekwisha kupauka, na kiraka kitaonekana mpaka mwisho wa maisha ya nyumba. Kwa hiyo anayechagua lipu ya namna hiyo achague rangi tulivu isiyopauka haraka, na aache majaribio ya ujasiri kwa mlango, ambao unaweza kupakwa upya siku ya mapumziko.

Mzigo wote wa kazi moja utoke kwenye mchanganyiko mmoja, namba ya mchanganyiko iandikwe na itunzwe pamoja na hati za nyumba, na kila uso wa ukuta umalizwe siku moja bila kuachwa katikati. Hili la mwisho si la fundi peke yake. Mwenye nyumba anayepunguza idadi ya mafundi ili kuokoa fedha ndiye anayelisababisha. Ukingo wa lipu ya jana uliokauka hauungani na ya leo. Mchana hauonekani, lakini asubuhi jua likipita sambamba na ukuta, mstari huo hujitokeza wima au mlalo kutoka ncha hadi ncha, na rangi nzito huukuza. Fundi mwenye akili huficha maungio kwenye pembe za nyumba na nyuma ya mabomba ya maji ya mvua. Penye ukuta mrefu usio na pembe, afadhali rangi iwe nyepesi.

Kuhusu majirani nitasema kidogo. Baadhi ya miji ina sheria za rangi za kuta, na Torino huko Italia ilikuwa na mpango wa namna hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 19, ukizipangia barabara zake kuu rangi za kufuatana. Pale ambapo sheria haipo, nyumba bado itaonekana ikiwa ndani ya mtaa. Si lazima ifanane na nyingine, lakini ukali wa rangi ukizidi ule wa jirani kwa kiasi kikubwa, macho yote huenda huko, na kwa kawaida hubaki kwenye kasoro. Idadi ya rangi nayo isizidi sana: moja ya ukuta, moja ya sehemu ya chini au ya mapambo ya madirisha, na moja ya mlango huitosha nyumba ya kawaida.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mkichapa tena picha za nyumba zilizopakwa rangi, wekeni chini ya kila picha kipimo cha mwanga kinachorudishwa na rangi hiyo, aina ya lipu na ukubwa wa chembe zake, na saa picha ilipopigwa. Na kama inawezekana, nyumba moja ipigwe picha mbili, moja juani na nyingine siku ya mawingu baada ya mvua. Ile nyumba ya kijivu cha mkaa iliyokuwa juu ya ukurasa wenu ilipigwa picha jua likiwa chini na ukuta ukiwa mkavu na mpya. Ningependa kuiona upande wake wa nyuma, baada ya misimu miwili.

Wenu,
Fundi wa lipu na rangi, msomaji wa gazeti lenu